Niliwakataza Kusalimia Makambako

Wenzangu, hili nawasimulia nikiwa nimeinamisha kichwa kabisa, ili mkianza kucheka nisizione sura zenu, maana aibu niliyoipata siku ile hata mama yangu mzazi sijamweleza yote.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimechaguliwa Waziri wa Usalama wa serikali ya wanafunzi (wizara nzima ilikuwa mimi, filimbi, na reflekta ya njano niliyoazima kwa kaka yangu wa bodaboda). Mlezi wa wanafunzi, mama asiyerudia neno, akaniita ofisini. "Tumaini, Jumatatu treni inashusha mwaka wa kwanza kumi na wawili, na usajili unafungwa saa sita mchana. Ukiwafikisha wote salama kwa wakati, kile chumba cha hosteli kilichobaki ni chako." Mimi nilikuwa nimepanga nje kabisa ya mji, kwa mama mwenye nyumba anayefunga geti saa moja jioni, kwa hiyo usiku huohuo nilishachagua na rangi ya pazia.

Sasa badala ya kutumia akili nikaingia mtandaoni, nikapata mwongozo wa chuo cha jiji fulani la mbali kuhusu kutembea salama kutoka stesheni, nikaunakili mzimamzima: usiongee na usiyemjua, usimjibu anayekuita, ukifuatwa ongeza mwendo. (Huko kwao labda wana sababu zao.)

Treni ikafika asubuhi, nikawapanga wawiliwawili kando ya benchi la mzee anayeuza chai stesheni, nikawasomea sheria kwa sauti ya kiongozi anayezindua mradi wa maji. Kisha nikakusanya vyeti vyao vyote halisi nikavitia kwenye bahasha moja ya kaki. "Wezi wakija, waniibie mimi!" Wakanipigia makofi. Binti mmoja wa Makete, Neema, aliyebeba kiroba cha viazi, akanyoosha mkono.

"Dada, hata wazee tusiwaamkie?"

"Hata wazee."

Akaguna tu. Alikuwa na akili kuliko wizara yangu yote.

Tukaondoka. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia kando ya njia akatusalimia kikwetu, "Kamwene!" Kimya. Fundi baiskeli akasema, "Kamwene, wanangu!" Kimya. Jamani, kwetu mtu asiyeitikia salamu ama amefiwa sasa hivi au ameiba sasa hivi, na sisi hatukuwa tunalia. Jembe likawekwa chini, baiskeli ikaachwa miguu juu, watu wakaanza kutufuata waone tumebeba nini. Nyuma yao akatokea mzee wa koti zito, yule muuza chai wa stesheni, anakimbia na kupiga kelele: "Kamwene! Wewe binti wa filimbi, kamwene!"

Sikugeuka. Sheria ilisema ukifuatwa ongeza mwendo, basi nikapuliza filimbi tukaanza kutimua mbio na mabegi yetu, nikakata kona nisiyoijua ili tumpoteze mzee, tukatokea wanapofyatua tofali, na mimi shingo nimegeuza nyuma kumtazama, puu, nikatumbukia kwenye shimo la udongo mpaka kiunoni! Mafundi waliangua kicheko. Wanafunzi wangu pia.

Mzee akafika anahema, akasimama ukingoni. Mkononi ana bahasha ya kaki. Nilikuwa nimeisahau kwenye benchi lake la chai wakati napuliza filimbi ya kuondoka. Vyeti vya watu kumi na wawili, jasho la wazazi wao wote, na mimi navikimbia!

"Babu, naomba bahasha."

"Kwanza salamu," akasema, wala hakukasirika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na hawa wote mliowapita?"

Ilikuwa imeshapita saa tano. Nikatolewa shimoni, tukaanza kuwasalimia mmoja mmoja, na mnazijua salamu zetu: umeamkaje, wazazi hawajambo, mmetoka wapi, huko mvua imenyesha? Yule mama wa palizi akauliza mpaka viazi vya Makete mwaka huu vikoje, na Neema akamjibu taratibu, utadhani hana usajili. Ndipo babu akanikabidhi bahasha.

Tulifika chuoni saa sita na robo, umati mzima umetusindikiza, dirisha la usajili limefungwa. Mama wa palizi akagonga. "Kamwene, jirani!" Karani alipomwona akafungua, na wote kumi na wawili wakasajiliwa. Mlezi akatoka, akaniangalia tope kuanzia kiunoni hadi viatuni.

"Nani amewafikisha hapa?"

"Babu," wakajibu kwa pamoja, wanamwonyesha mzee.

Ufunguo wa chumba akapewa Neema, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na pa kulala.

Mimi bado nimepanga kulekule. Asubuhi nikifika geti la chuo na vumbi langu la njia nzima, Neema ananiamkia kutoka dirishani kwake, na mimi naitikia kwa sauti mpaka mlinzi anacheka. Kumnyamazia mtu anayeniita njiani, wenzangu, nimekoma.