Kamba ya Historia

Miaka ya sabini nilifundisha historia katika shule ya mtaa wa Makina, darasa la watoto hamsini na kitu, vitabu vichache vya kuhesabika kwa vidole. Walikuwepo waliosoma bila shida, waliokwama kwenye silabi, mvulana asiyesikia vizuri, na msichana aliyetembea kila asubuhi kutoka Kongo, kule Kawangware. Huyo macho yake yalikuwa mabovu. Hata nikimkalisha mbele, ubao kwake ulikuwa ukungu mtupu.

Mamake alikuja kuniona. "Mwalimu, babake amesema akianguka mtihani wa darasa la saba anarudi nyumbani kwa nyanyake. Hapo masomo imeisha."

Nilikuwa kijana mwenye kiburi. Nikaweka chaki kando, nikanunua kamba ya katani, nikaifunga kutoka mlangoni hadi dirishani. Nikawaagiza watoto walete vitu vya zamani. Mjukuu wa askari alileta kifungo cha shaba cha koti la jeshi. Mwingine msumari wa reli, na sikumuuliza ameutoa wapi. Mzee jirani akatuazima kipande chake, kile kikopo cha bati chenye kitambulisho ndani ambacho wanaume walilazimishwa na wakoloni kuvaa shingoni. Tukavifunga kwenye kamba kwa kufuata miaka, mwisho kitambaa cha bendera.

"Leo unaanika nguo, mwalimu?" mkuu wa shule alinitania. Nikamwambia aje asikilize. Hakuja.

Asiyesikia alitazama, asiyejua kusoma alisimulia, na yule msichana alipita akipapasa. Akifika kwenye kipande alikishika na kueleza jinsi babu zetu walivyosimamishwa barabarani, na hata watundu walitulia. Mwalimu hapaswi kupendelea, najua. Lakini sauti ile niliipenda, na natamani kuisikia mpaka leo.

Siku ya mtihani walimu tulibadilishana shule, kama ilivyokuwa desturi, tusije tukawasaidia watoto wetu. Nilienda kusimamia kwingine nikipiga mluzi. Kumbe kwetu msichana alipewa karatasi ya herufi ndogo kama ya wenzake wote, na hakuna aliyeruhusiwa kumsomea. Mimi niliyejiona fundi wa kubadilisha masomo sikuwa nimeuliza mtu yeyote, hata mara moja, kama angeweza kupata msomaji. Wazo hilo halikunijia akilini. Bado najikasirikia.

Kesho yake alinikuta kwenye ngazi za darasa. Aliniambia alibahatisha tu majibu.

"Mwalimu, hiyo swali ya kwanza ilikuwa inauliza nini?"

Nikatafuta karatasi ya maswali iliyobaki, nikamsomea. Akajibu sawasawa.

"Na ya pili?"

Nikasoma. Akajibu. Tuliendelea hivyo, mimi nikisoma polepole zaidi kila mara, yeye akijibu huku vidole vikicheza gotini. Katika maswali yote ya historia alikosea moja.

Nilipokunja karatasi akaniuliza, "Sasa haya majibu utawapelekea wanaosahihisha?"