Paka Wangu Mnene na Machozi ya Zaina

Kosa hili ni langu, wala silipunguzi. Paka niliyemwokota sokoni Rumonge nilimfungia ndani, akanenepa hadi akawa anahema akitembea. Nikampunguzia ndagala, vile visamaki vya ziwani nilivyokuwa nikimpa, akazidi kunenepa. Nikamgeukia Zaina, mke wa mwanangu: "Wewe ndiye unamlisha kwa siri. Utamuua!"

"Baba, mimi hata kumugusa naogopa," akasema akilia. Sikumsikiliza. Akambeba mjukuu wangu, akarudi kwao Nyanza-Lac.

Jana jirani yangu, Mama Neema, alikuja kununua mafuta ya mawese ninayouza. Nikamwingiza chumbani ninamoyaacha wazi kwenye beseni yapoe. Tukamkuta paka ameinamia beseni, anaramba, masharubu yote mekundu.

Mama Neema hakucheka. Aliniuliza tu, "Sasa, Mzee, Zaina ulimufukuzia nini?"