Ubao Hausemi Uongo

Kaka yangu alipaka rangi majengo marefu tangu ujana wake, na hakuna siku aliyotuacha tusahau hilo. Mafundi wenzake walimwita Mnyoofu. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mama yetu.

Sharti la ubao alilileta yeye. Kila asubuhi, kabla mtu hajapanda jukwaa, ubao mmoja ulilazwa juu ya matofali, na kila fundi alipita juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Aliyekanyaga chini alihesabiwa mlevi, akarudishwa nyumbani. "Mdomo unaficha, ubao hausemi uongo," kaka alikuwa akisema, mikono mfukoni, kidevu juu. Mafundi wawili walifukuzwa kwa hukumu ile. Mmoja alijitetea kwamba ana homa, na kaka alitusimulia kisa hicho mezani huku akicheka mpaka akapaliwa.

Basi siku ubao ulipomtupa yeye, nasikitika kwamba sikuwepo.

Asubuhi hiyo aligeuka kitandani, chumba kikazunguka. Akangoja kitulie, hakikutulia. Nyayo zilikuwa na ganzi, akajiona kama amevaa soksi ilhali yuko miguu mitupu. Mwenye akili angerudi kulala. Yeye alikwenda kazini, akapanda ubao kifua mbele, na kabla hajafika katikati akaangukia ndoo ya rangi nyeupe. Nyapara akainama kumnusa mdomo. Mtu aliyeshinda na thina ya kuzimulia rangi maisha yake yote hunuka thina hata akitoka kuoga, lakini nyapara alisema hiyo ni pombe, tena kali, na mafundi wote wakatikisa vichwa kama wazee wa baraza. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Unajisikiaje?"

Ukoo wetu nao haukubaki nyuma. Kama umbea ungekuwa kazi, kwetu asingekuwepo asiye na ajira. Baba mdogo, ambaye yeye mwenyewe akishalewa huongea na viatu vyake, alitangaza kwamba pombe itamaliza ukoo. Shangazi alipekua kabati la jikoni akitafuta chupa. Akakuta siki, akaionja, akakunja uso.

"Mmh! Ndiyo hii hii," akasema.

Wifi yangu, mke wa kaka, alilia tu. Huyo simsemi, maana angalau yeye alikuwa na haya.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, nikimvuta mkono huku bega lake likiparuza kuta za ukumbi. Daktari wa masikio alimtia maji ya uvuguvugu sikioni, kisha ya baridi, akiangalia macho yake yanavyochezacheza. Halafu akamsimamisha, miguu pamoja, akamwambia afumbe macho. Kaka alikwenda chini kama mlango uliong'oka bawaba, nesi akamdaka. Tukapelekwa kupiga picha ya kichwa, na baadaye daktari wa neva akatuketisha.

"Ndani ya sikio mna kitu mfano wa pimamaji yenu ya ujenzi," alisema. "Kinaupasha ubongo habari, umesimama wima au umeinama. Chako hakijavunjika. Njia ya kupeleka hizo habari ndiyo iliyochubuka."

"Imechubuliwa na nini?" kaka akauliza.

"Na kinga ya mwili wako mwenyewe. Badala ya kupigana na magonjwa, inamenya ganda la neva, hapa na pale, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa huu unaitwa multiple sclerosis. Utapata nafuu, lakini ugonjwa unaweza kurudi bila kubisha hodi. Sasa hivi macho ndiyo yanayokusimamisha. Giza likiingia, au ukifumba macho, huna msaada. Kwenye jukwaa usipande tena."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha kaka kilikuwa chini ya ngozi kabisa.

Tulipotoka nje aliniapisha nisimwambie mtu. Niliapa, nikidhani anaona aibu. Sikujua bado upumbavu wa kaka yangu unafika wapi.

Alitundikiwa dripu za dawa, na baada ya wiki kadhaa akaanza kutembea bila kushika ukuta. Hapo ndipo akaitisha kikao cha familia sebuleni kwake. Nyapara naye alialikwa, akapewa kiti kizuri kuliko vyote. Kaka akasimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kochi.

"Ndugu zangu, mlichosema ni kweli," akaanza. "Nilikuwa nakunywa. Nimeacha."

Mtu huyu hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza! Kisha nikaelewa. Mlevi akiacha pombe hurudishiwa jukwaa lake. Mgonjwa wa namna yake harudishiwi. Na wale wajinga walifurahi! Shangazi alimshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, baba mdogo akafuta machozi, na wote wakatazamana kwa kuridhika, kwamba walijua tangu mwanzo.

"Mimi sina neno," nyapara akasema. "Ubao ndio utakaosema."

Walikuwa wameuleta! Uliingizwa kupitia dirishani kwa kuwa mlangoni haukukata kona, ukalazwa sakafuni. Kaka akakodolea macho msumari ukutani, hakupepesa, akapita hadi mwisho bila kuyumba. Makofi.

"Jumatatu, ghorofa ya sita," nyapara akasema.

"Apite tena," nikasema. "Amefumba macho."

"Hebu nyamaza, wewe," kaka akanifokea.

"Huko juu jasho likikuingia machoni, utamwita nani?"

"Binti, usimharibie mwenzio," baba mdogo akaingilia. "Mtu ametubu!"

Kaka angeweza kukataa, na wote wangemuunga mkono. Lakini mimi na yeye tumelelewa nyumba moja.

"Kama ubao hausemi uongo, kaka, unaogopa nini?"

Kidevu kikapanda. Akarudi mwanzo wa ubao, akafumba macho, akainua mguu. Hakuutua. Alipinduka ubavu, akamwangukia baba mdogo, wote wawili na kiti na birika la chai wakaenda chini.

Hapo nikavunja kiapo. Niliwaambia yote, sikio, neva, na jina la ugonjwa, nikalitamka polepole kama mtu anayelisha watoto uji. Nilipomaliza hakuna aliyeomba radhi. Shangazi aliuliza kama unaambukiza. Nyapara alikohoa, akasema kazi ya kupaka mageti chini ipo, kama mtu ataitaka, kisha akaomba asaidiwe kuutoa ubao wake dirishani.

Kaka alikuwa bado sakafuni, shati limelowa chai.

"Umeniua, mdogo wangu," akasema. "Jumatatu ningekuwa juu."

"Na Jumanne tungekuzika."

Nikamshika makwapani nimwinue. Akajifanya mzito makusudi, na mimi sikumwachia.