Bunduki Niliyompa Mdogo Wangu

Ukienda Alief, mtaa wa Houston, ukauliza, utaambiwa mdogo wangu ni mfamasia, ana nyumba ya ghorofa, na aliunda bunduki kwa mikono yake mwenyewe. Mawili ya kwanza ni kweli. Bunduki niliiunda mimi, katika gereji ya nyumba yangu hapa Haltom City, kando ya Fort Worth. Ninaandika haya kwa sababu siku yalipotakiwa kusemwa, mdomo wangu ulikauka.

Shule niliacha darasa la tatu. Sioni haya. Baba alipokufa ilibidi mmoja wetu aache daftari ashike nyundo, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikulia Kariobangi, Nairobi, kwenye mabanda ya vyuma, nikajifunza mashine ya kukereza kwa kusimama nyuma ya wenye nayo na kuiba kwa macho. Mdogo wangu akasoma kwa karo niliyolipa mimi. Akafika Marekani kwanza, mimi nikafuata miaka mingi baadaye. Hapa Texas walionipa kazi hawakuniuliza cheti. Walinipa kipande cha chuma, wakaniwekea mchoro, wakakaa kutazama. Niko kwenye karakana ile mpaka leo, na wenye diploma huja kuniuliza mimi kwa nini chuma chao kinatoka na mikwaruzo.

Pasaka moja mdogo wangu alikuja na mkewe kutusalimia. Nyuma ya gari lake kulikuwa na sanduku refu jeusi. Akalifungua juu ya meza yangu ya kazi polepole, kama askofu anayefungua Biblia. Ilikuwa bunduki ya dukani, ile aina ambayo kila ukivuta kidole inatoa risasi moja na kujipakia nyingine, na hii ilitengenezwa kwa ajili ya kulenga shabaha za mbali. Nikanyoosha mkono.

"Itazame kwa macho tu, Mzee," akasema. "Hii si karai la kugongwa kwa nyundo."

Mkewe akacheka. Mama watoto wangu hakucheka.

"Nani amekwambia mimi siwezi kuunda hii?"

"Kaka, hii ni kazi ya vipimo. Hapa tunaongea sehemu ya elfu ya inchi."

Ananiambia mimi sehemu ya elfu ya inchi! Mimi ambaye hiyo ndiyo inayonilisha. Niliwakaribisha chakula. Lakini tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu, na nitakisema wazi ili mtu asinizungushe: nilitaka mdogo wangu aseme, mara moja, mbele ya watu, kwamba kaka yake ameunda kitu kizuri. Si asante kwa karo. Hiyo sikuwahi kuiomba. Nilitaka aseme kwamba kazi ya mikono yangu ni kazi.

Basi nikaanza. Texas sheria inaruhusu mtu kuunda yake. Kiwiliwili cha bunduki, ambacho ndicho chenye namba na ndicho serikali inachokiita bunduki, nilikinunua dukani na kujaza fomu, herufi moja moja kama mtoto wa chekechea, na mwenye duka akingoja bila kununa. Vingine nilivinunua kimoja kimoja, mwaka mzima. Mtutu ulikuja mzuri lakini mdomo wake haukunipendeza. Nikamwomba bosi ruhusa, nikaukata upya mwenyewe kwenye mashine ya kazini baada ya zamu, kwa sababu mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho chuma kinapoigusa risasi, na ukiwa na kasoro kama unywele, risasi huenda inakotaka yenyewe. Kitako nilikichonga kikae kwenye bega langu na shavu langu, si la mtu mwingine.

Sasa karatasi za maelezo. Hili nalisema kwa sababu yeye atalisema. Zilikuwa za Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Kiingereza cha karakana ninacho, cha karatasi sina. Nikawa nazipiga picha na kumtumia mdogo wangu, na kila Jumapili baada ya ibada ananipigia na kunisomea kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hapa wanasema ukaze hii nati kwa spana ya kupimia nguvu. Unayo?"

"Ninao mkono."

"Mkono hauna namba, Kaka."

"Uliokulisha ulikuwa na namba?"

"Wee, Mzee, kaza basi. Ikikulipukia usiseme nilikusomea vibaya."

Tulikuwa tunacheka. Siwezi kusema hatukucheka. Jumapili zile zilikuwa nzuri kuliko nyingi tulizokuwa nazo tangu tufike nchi hii, na spana ile ya namba nikaishia kuinunua, kwa sababu hakuacha kunisumbua.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo karatasi haikunisaidia. Bunduki ya namna hii hujipakia kwa moshi wa risasi yake yenyewe. Kuna kitundu kidogo kwenye mtutu, juu yake kinakaa kidude cha chuma, na kutoka hapo moshi unarudi nyuma kwa mrija kusukuma mashine. Kidude kikikaa upande kidogo tu, kitundu kinazibwa, na bunduki inakuwa ya risasi moja moja. Kitundu hicho hukioni ukishakifunika. Karatasi ilisema pima. Mimi nikafanya kama tulivyokuwa tukipima mabomba ya kabureta Kariobangi. Bunduki ilikuwa vipande viwili, haina risasi wala boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani. Nikamwita mama watoto, ndiyo kwanza ametoka kazini, bado amevaa nguo zake za hospitali, nikamwambia aweke kiganja kwenye mdomo wa mtutu.

"Nimezeeka mpaka mume ananishikisha bunduki," akasema.

Nikaziba nyuma ya mtutu kwa kidole, nikapuliza kwenye mrija kwa mdomo, huku nasogeza kidude.

"Bado," akasema. "Bado. Kidogo. Hapo! Kama mtu anapoza uji."

Nikakaza.

Siku ya kuijaribu nilikwenda uwanja wa shabaha nje ya Fort Worth na mzungu mmoja mzee ninayefanya naye kazi, aliyenifundisha kulenga. Yadi mia moja. Nililala nyuma ya mfuko wa mchanga, nikapumua, nikatoa pumzi nusu, nikavuta. Ikapiga, ikatupa ganda, ikajipakia. Risasi tano. Mzee yule akaangalia kwa darubini yake, akaniangalia mimi, akaangalia tena, kisha akavua kofia. Tulipoleta karatasi ya shabaha, matundu matano yalikuwa yameshikana, ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Bunduki ya mdogo wangu haijawahi kufanya hivyo. Najua, kwa sababu alikuwa akinitumia picha.

Wiki mbili baadaye nikaitia kwenye sanduku pamoja na karatasi ile, nikaendesha gari kwa saa nne hadi Alief. Kwake kulikuwa na sherehe ya mtoto wake aliyemaliza chuo. Nyama ilikuwa motoni, nyumba imejaa wauguzi, wachungaji na watu wa ofisi. Mdogo wangu akanipeleka uani, akafungua sanduku. Akachukua karatasi ya shabaha, akaiinua kwenye mwanga akatazama kupitia matundu. Wageni wakasogea. Moyo wangu ukawa unapiga kama wa bwana harusi. Nikajua sasa atasema.

Akasema, "Kaka, nipe hii."

Kwetu, mdogo wako akikuomba kitu mkiwa wawili, unaweza kumfukuza na akaondoka akicheka. Akikuomba mbele ya wageni, humnyimi. Unatoa, na unatoa kwa uso mzuri, la sivyo mmevuliwa nguo nyote wawili. Yeye anajua hivyo kama ninavyojua mimi. Tumelelewa na mama mmoja.

Nikasema, "Chukua, mdogo wangu."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji mmoja akasema huo ndio undugu. Nikala nyama, nikarudi Haltom City na kiti cha nyuma kitupu. Sikukasirika sana kwa ajili ya bunduki. Nilijiambia mtu haombi kitu asichokithamini, na neno nililolitaka litakuja na siku yake.

Siku yake ilikuja hivi. Miezi ikapita, mtu mmoja wa Alief akaja Fort Worth kwenye mazishi, tukakaa meza moja. Akaniambia, "Mzee, mdogo wako ni mtu hatari. Kumbe hata bunduki anaunda!" Nikamuuliza ipi. Akanieleza kitako, rangi yake, jinsi mdomo wa mtutu ulivyokatwa. Nikaendelea kula wali.

Haikupita muda mdogo wangu akapiga simu. Klabu yao ya shabaha ina mashindano madogo nje ya Houston, njoo utazame. Mama watoto akasema, usiende. Nikaenda. Nilidhani akiniona nimesimama pale hatathubutu.

Zamu yake ilipofika akalala, akapiga. Mlio mmoja. Akavuta tena, kimya. Akavuta boliti kwa mkono, ikalia mara moja, kisha kimya tena. Watu wanane kwenye mstari wanamngoja, na mwamuzi ameangalia saa. Mmoja akamwambia kwa mzaha, wewe si ndiye uliyeiunda, itengeneze. Wote wakacheka kwa wema. Mdogo wangu akacheka pia, na jasho likamtoka kwenye nywele.

Akaitoa bunduki kwenye mstari, ikaangaliwa haina risasi, akaja nayo hadi nyuma nilipokuwa.

"Kaka," akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Nilibadilisha kile kifuniko cha mbele. Nikalegeza kile kidude kidogo, nikakirudisha."

"Kwa spana ya namba?"

"Kwa spana ya namba."

"Na kitundu ulikiona?"

Akatazama chini. "Kaka, nisaidie. Watu wananitazama."

Ningeweza kumwambia aliyeiunda aitengeneze. Maneno hayo yalikuwa yamekaa kwenye ulimi kabisa. Lakini nilimwona kama nilivyomwona siku mwalimu alipomfukuza kwa kukosa viatu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kisanduku chake cha vifaa. Tukaitenganisha, tukangoja mtutu upoe. Nikamwambia aweke kiganja kwenye mdomo. Nikapuliza.

"Bado," akasema mdogo wangu. "Bado... Sasa. Sasa, Kaka."

Nikakaza kwa mkono. Akarudi mstarini, akapiga tano bila kukwama, na matundu yakashikana. Watu wakamzunguka. Mmoja, jamaa mrefu mwenye ndevu, akaninyooshea kidole na kumuuliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Nilikuwa hatua tatu tu. Kiingereza cha namna hiyo nakielewa.

Mdogo wangu akasema, "Huyu ni mzee mmoja kutoka Fort Worth. Ni fundi mzuri, hunisaidia vitu vidogo vidogo."

Hata kaka hakusema.

Yule mwenye ndevu akanipa mkono. Nikaupokea. Mdomo ulifunguka, nikasikia meno yamekauka, ukajifunga.

Mdogo wangu akanifuata hadi kwenye gari. "Usikasirike, Mzee. Ni maneno ya haraka tu."

"Uliwaambia uliiunda."

"Kwani sikuiunda na mimi? Nani alikusomea? Mwaka mzima, Jumapili zangu zote. Bila mimi ungefunga hiyo kitu nyuma mbele."

"Na bila mimi ungejua kusoma nini?"

Akaniangalia. Nilitegemea ainamishe kichwa kama siku zote. Safari hii hakuinamisha.

"Hilo umekuwa ukiniambia tangu niko darasa la nne, Kaka. Kila cheti nilicholeta ulisema ni chako. Cheti cha famasi ulikishika ukasema, haya, tumepata. Sikusema kitu. Leo na mimi nimesema kimoja ni changu."

Nikafungua mlango wa gari. Ila niliposema cheti ni changu, sikuwahi kumsimamisha mbele ya watu na kumwita kijana mmoja. Nikawasha gari.

Nje ya Houston nikasimama kutia mafuta, mama watoto akapiga.

"Amesema?" akauliza. Alijua nilichokwenda kutafuta.

"Amesema mimi ni mzee mmoja kutoka Fort Worth."

 Nikasikia maji ya bomba yanafungwa.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilimtengenezea."

"Sikuulizi ulifanya nini. Ulisema nini?"

"Hakuna."

"Haya," akasema. "Endesha polepole."