Karani Aliyeitafuta Kaya ya Katikati

Pale ofisi ya wilaya walimwita Mama Katikati, na jina lenyewe alijitafutia. Alikuwa karani wa takwimu kwa miaka kumi na tisa, na kila aliyemuuliza watu wa wilaya wanapata kiasi gani alijibiwa vilevile: "Usiniulize wastani. Panga kaya zote mstari mmoja, kutoka fukara hadi tajiri, kisha mwangalie aliyesimama katikati. Huyo ndiye wilaya."

Kila baada ya mavuno alivaa viatu vyake vya mpira, akazungukia kaya mia tatu na moja, zilezile mwaka hadi mwaka. Hakumuuliza mtu anapata pesa ngapi. Swali hilo, alisema, huzaa uongo mtupu: maskini huona aibu, tajiri huona kodi. Aliuliza mahindi yaliyouzwa na yaliyoliwa nyumbani, mbuzi waliotoka zizini, siku za kibarua, na kile anachotuma mtoto aliye mjini. Bei za sabuni, sukari na mafuta ya taa aliziandika pia, maana pesa ya mwaka juzi si pesa ya leo.

Ndipo ikaja barua kutoka makao makuu. Wastani wa kipato cha wilaya, ilisema, umekaribia kuongezeka maradufu kwa miaka mitano. Kwa hiyo wilaya si maskini tena, na ruzuku ya zahanati itakoma mwezi wa saba.

"Tumetajirika lini?" mkurugenzi alishangaa. "Mbona mimi sikuambiwa?"

Mama Katikati aliisoma barua mara mbili. Miaka mitano ndiyo umri wa machimbo ya mawe yaliyofunguliwa kule kilimani, na mameneja wake walikuwa na mishahara ya kutisha.

"Mabwana wachache wa machimbo wametubeba sote mgongoni, na wala hatujui kama tumebebwa," akasema. "Mwiteni aliyehesabu."

Mtaalamu alifika wiki iliyofuata, kijana mpole, kompyuta kwapani. Ukumbini walikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na mlinzi na mpika chai. Mama Katikati aliwaomba kila mmoja aandike mshahara wake kwenye kikaratasi, bila jina, akavibandika ukutani kuanzia mdogo hadi mkubwa.

"Sasa huyu wa mwisho tumwongezee mara tatu."

"Amina!" mkurugenzi akaitikia, siri ikawa imefichuka, na watu wakaangua kicheko.

Mama Katikati akapiga hesabu. Wastani ukaruka. Kikaratasi cha sita, cha katikati, hakikubadilika hata senti.

"Kumbe," mpika chai akasema, "bosi akila, mimi ndiye naandikiwa kwamba nimeshiba!"

Mtaalamu alicheka pia, lakini hakukubali kirahisi. "Mama, somo nimelielewa. Shida yangu ni ushahidi. Nitajuaje madaftari yako hayakupikwa?"

"Chagua nyumba kumi wewe mwenyewe, mwanangu. Twende tukaone."

Walitembea siku tatu. Kijana alikagua maghala, akahesabu mifugo, akalinganisha na daftari. Nyumba ya saba, bibi mmoja alimwambia ana kuku watano tu.

"Bibi," Mama Katikati akaingilia taratibu, "na wale wanaolala kwa mkweo?"

Bibi alicheka mpaka akashika mlango. "Mwanamke huyu! Haya, andika kumi na mmoja. Usimwambie mkwe."

Daftari lilikuwa na kumi na mmoja. Katika nyumba zote kumi ilipatikana tofauti moja, mbuzi aliyekufa juma lililopita.

Kijana alirudi ofisini, akaingiza madaftari yote ya miaka kumi na tisa kwenye kompyuta, akaondoa kupanda kwa bei. Kipato cha kaya ya katikati kilikuwa kimeshuka kidogo tangu machimbo yafunguliwe. Akainuka, akampa Mama Katikati mkono kwa mikono yote miwili.

"Mama, nilikosea. Nitaandika hivyohivyo."

Na aliandika. Ruzuku ilibaki. Muuguzi wa zahanati alikuja mbio na koti lake jeupe, akamkumbatia karani koridoni hadi miwani ikadondoka. Mwaka uliofuata makao makuu yalimwita akawafundishe makarani wa wilaya nyingine arobaini.

Lakini siku aliyoipenda kuliko zote ilikuja miaka mitatu baadaye. Lori la kukusanya maziwa lilikuwa limeanza kupita vijijini, na alipopanga kaya zake, ile ya katikati ilikuwa imepanda kwa sehemu ya tano, kupanda kwa bei kukiwa kumeshaondolewa. Alirudia hesabu mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile.

Mchana kweupe alifunga ofisi, akaenda hadi kwenye kibanda cha mumewe, fundi baiskeli.

"Imepanda, baba watoto! Si wastani. Ni yule wa katikati mwenyewe!"

Mumewe aliweka spana chini, akafuta mikono. "Na sisi tumesimama wapi kwenye mstari huo?"

"Juu kidogo ya katikati."

"Ndiyo maana mgongo unaniuma," akasema, "kumbe napanda mlima." Akafunga kibanda, wakaondoka pamoja wakicheka.