Maua Dume Juu ya Mabati

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kijiji cha Raila, kule Kibera, nimefunga tai. Nilidhani mtunza bustani wa klabu ya wakulima ni mtu wa ofisi. Mwenyekiti wetu, mama mfupi asiyecheka ovyo, alinitazama juu hadi chini, akanipa gunia na mkebe usio na kitako. Mkebe husimama katikati ya gunia, unaujaza kokoto, unazungushia udongo wenye mboji, kisha unauvuta juu na kuujaza tena. Zile kokoto ndizo hupitisha maji hadi chini, na sukuma wiki hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Kufikia jioni tai ilikuwa tope tupu.

Nilipoiva nilihamishiwa mtaa wa Kongo, Kawangware. Mwenye ploti alitupa kipande nyuma ya nyumba zake za kupanga, akakubali hata maboga yapande juu ya mabati, ila kwa sharti. Asipoona boga msimu huo, angeng'oa kila kitu, pamoja na mboga zilizolisha wanachama wetu wote. Majani matupu, alisema, ni nyumba ya panya.

Basi nikazidisha bidii. Niliona maua mengine yana kiboga kidogo chini yake, mengine yamesimama tu kwenye kijiti. Haya nikayaita mavivu. Kila asubuhi niliyachuma, hata matumba yake, nikayapanga kwenye chupa mezani pa mikutano. Nilijivunia sana. Viboga navyo vikawa vinageuka njano na kudondoka.

Zikiwa zimebaki wiki mbili msimu uishe, mwenyekiti alikuja, akaiona ile chupa, akaniuliza maua nimeyatoa wapi. Nikamweleza.

"Mutua, umefukuza mabwana wote, na bado unangoja watoto?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Ua dume hufunguka alfajiri na kunywea kabla ya saa nne, na kwangu halikubaki hata moja. Kesho yake nilichuma maua dume ya maboga ya klabu kule Raila, nikayafunga kwa kitambaa kibichi, nikaenda mbio mbio hadi Kongo. Unabandua petali, halafu unagusisha ule unga wake wa njano katikati ya ua jike. Nilifanya hivyo siku tatu.

Siku ya hukumu mwenye ploti alikuja na panga, akapanda ngazi. Nilibaki chini nimeshika ngazi. Alikaa huko muda mrefu.

"Mutua, leta tairi ya zamani tuweke chini ya hii boga. Itachomwa na mabati."

Mwaka huu nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Vijana mnaoshika kazi hii, ulizeni ua lina kazi gani kabla ya kulichuma, mimi sikuuliza. Wanachama waliniandalia chai ya kuniaga, saa tatu asubuhi. Tulimngoja mwenye ploti hadi chai ikapoa. Hatimaye akaingia, akanipa mkono wenye vidole vya njano.

"Pole, mwalimu," akasema. "Maua hayangojangi mtu."