Firigisi ya Baba

Nilimchukia mezani kwanza, kabla hatujakutana uwanjani.

Kwetu, watu wa upande wa magharibi mwa nchi, kuku akichinjwa firigisi ni ya mwenye nyumba. Watoto hawaigusi, mgeni haiombi, na mama huiweka kwenye sahani ya baba bila kuambiwa. Baba akitaka kumheshimu mtu, huinyanyua na kumpa. Katika maisha yetu yote pale kwenye landhi za reli, yale makazi ya wafanyakazi mjini Nakuru, nilimwona akiitoa kwa mchungaji wa kanisa, na kwa mjomba aliyetoka nyumbani kuleta habari za msiba. Mimi, mwanawe wa kwanza, ambaye tayari nilikuwa nasomea ualimu chuoni upande wa Dundori na kuja nyumbani Jumapili, nilikuwa bado naisubiri.

Halafu akaja kijana wa Mau Narok. Wazazi wake walikuwa vibarua kwenye mashamba ya ngano huko, na yeye alikuwa ameletwa mjini kusoma chuo cha ufundi. Uwanja wa chuo chao ulipakana na reli. Baba akitoka zamu Jumamosi alipita hapo na mkebe wake wa chakula, akasimama nyuma ya goli, akatazama. Siku moja alimkaribisha nyumbani. Alimketisha kwenye kiti changu, na kuku alipoiva, akamwekea firigisi.

"Kula, kijana yangu," alisema. "Miguu kama hiyo inataka nguvu."

Kijana yangu! Mimi nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, natafuna shingo.

Baada ya hapo akawa wa kila Jumapili. Mama alimshonea vifungo vya shati. Baba, ambaye nyumbani alikuwa mtu wa maneno matatu, alizungumza naye mpaka chai ikapoa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba baba hakukosea. Nilikwenda mwenyewe kumtazama akicheza, nikitafuta kasoro, nikarudi na kichwa kikiniuma. Alicheza peku katikati ya uwanja. Hakukimbia sana. Mpira wote wa timu yao ulipitia kwake, naye alitazama mara moja tu, kisha akaupeleka mahali ambapo hapakuwa na mtu, na ghafla mtu wao alikuwa hapo. Mabeki walimrukia wakabaki wamekaa chini kwenye vumbi, na watu wakacheka.

Basi ratiba ikatupangia kucheza nao, kwao, karibu na reli. Mimi ndiye nilikuwa senta hafu wa chuo chetu. Baba hakuwa amewahi kuniona nikicheza, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa juu milimani na zamu zake hazikumruhusu. Sasa angeniona. Nilitaka kitu kimoja tu: kwamba mechi ikiisha, asiwe na mtu mwingine wa kumzungumzia ila mimi.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na mpango wake. "Huyo mvunjeni mapema," alisema. "Dakika tano za kwanza, mtu amlalie mguu, tumalize maneno."

Nilikataa, wala si kwa sababu ya wema. Nilimjua baba. Kama ningemuumiza yule kijana, baba angembeba mgongoni mpaka nyumbani, mama angemkanda kwa maji moto, na angelala kitandani kwangu wiki nzima akilishwa firigisi kwa kijiko.

Mpango wangu niliutoa kwingine. Kazi ya baba ilikuwa kuvuta mkono wa chuma unaogeuza reli, ili mabehewa yaingie njia kuu au yaende reli ya kando. Tangu utotoni nilikuwa nimemtazama. Hakuwahi kusukuma behewa wala kulisimamisha. Alilifungulia njia aliyoitaka yeye, nalo likaenda lenyewe, mzigo na yote, likasimama kando huko bila kumdhuru mtu.

Kwa hiyo niliwaambia wenzangu: asirukiwe na mtu. Mimi nitasimama kwenye bega lake la kushoto, maana anapenda kugeukia huko, na upande wa kulia nitamwachia wazi. Ataenda kulia, kuelekea kwenye mstari. Huko hafu wetu wa kushoto na beki wa kushoto wabadilishane zamu kumsubiri, na nyinyi wengine acheni kuufuata mpira, fuateni watu anaotaka kuwapa. Mwalimu alinuna, lakini nahodha akasema tujaribu.

Jumamosi hiyo lori lilitushusha mjini, pasi zetu, vile vibali vya kusafiri, zikakaguliwa barabarani kama kawaida ya miaka ile ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na mchana upepo wa ziwani ukaanza kuleta lile vumbi jeupe la magadi. Nahodha wetu akashinda kura, tukachagua goli ambalo lingewafanya wao waanze wakiukabili upepo. Baba alikuwepo nyuma ya goli, na mkebe wake.

Sijawahi kucheza vile, kabla wala baada. Sikuugusa mpira zaidi ya mara chache. Nilikaa begani kwake tu. Akipokea, ananikuta. Akitaka kushoto, nipo. Akaenda kulia, akaona njia nyeupe, akaifuata, na mstari ukamwishia. Alipotafuta wa kumpa, kila mtu wake alikuwa na mtu wangu. Akarudi tena, nikamfungulia tena. Kipindi cha pili akaanza kutazama mara mbili, kisha mara tatu. Kila mara moyo wangu uliruka kwa furaha ambayo sitaificha: onja, ndugu yangu, onja shingo ya kuku.

Tulishinda kwa bao moja la kona. Mfungaji alibebwa juu juu. Mimi sikujali, nilikuwa nasubiri Jumapili.

Jumapili hiyo yule kijana hakuja. Mama alichinja kuku, nami nikakaa kwenye kiti changu. Baba alinawa mikono, akaomba, akaitazama firigisi kwenye sahani yake. Kisha akaishika kwa vidole viwili, akainyanyua. Nilisogeza sahani yangu kidogo. Mama aliniona.

"Hiyo kijana ni mgonjwa," baba alisema. "Jana sikuona mpira yake hata kidogo. Anaenda kando, kando tu, kama mtu ako na malaria. Na leo hata kukuja hawezi."

"Baba, si malaria," nilisema. "Ni mimi. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Wewe? Kwani wewe ulicheza? Mimi sikukuona."

Akaiweka firigisi kwenye kifuniko cha mkebe wake, pamoja na kipande cha ugali, akanisogezea. "Mpelekee ingali moto."

Nilivuka reli nimeshika kile kifuniko kwa mikono miwili. Nilimkuta bwenini amekaa kitandani, mzima kabisa, anajipaka mafuta nyayo zake. Nilimpa bila salamu. Aliitazama firigisi, akanitazama mimi, akacheka kwa aibu.

"Niliogopa kuja," alisema. "Ningemwambia nini mzee? Ndugu, jana ulinimaliza. Sijui hata ulinifanya nini. Kila nikienda naona njia, halafu njia hakuna."

Akaikata firigisi katikati kwa meno, akanipa kipande kikubwa.

Nilikaa kando yake nikala. Ilikuwa tamu, ngumu kidogo, na bado ina joto la jiko la mama. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameniona nikicheza, naye ndiye huyu. Na hata nilipokuwa naitafuna nilimwonea wivu, kwa kuwa ilikuwa yake kugawa.